Jiko la Umeme Lina Adabu Yake



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za mipira, za midahalo na za safari. Leo naomba nafasi niseme habari za jikoni. Najua wapo watakaocheka na kusema ya kuwa jikoni ni mahali pa akina mama na dada zetu, wala si pa kijana wa Kidato cha Sita anayengojea mtihani. Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Kwa kuwa jambo nitakalolieleza ni la somo la Fizikia kuliko lilivyo la mchuzi, na lisipojulikana huweza kuteketeza nyumba pamoja na waliomo ndani.

Neno langu ni hili. Majiko ya umeme yameingia katika nyumba zetu hapa Kampala, walakini adabu yake haijaingia pamoja nayo. Tumezichukua desturi za sigiri, yaani jiko la makaa, tukazihamishia kwenye jiko la umeme, na desturi hizo hazilifai. Tena nasema ya kuwa wanaopaswa kuwafundisha watu wetu desturi mpya ni sisi tuliopelekwa shule.

Kwanza tutazame jambo hili lilivyotufikia. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili, 1954. Leo bwawa hilo huitwa Nalubaale, na mengine yamelifuata: Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Mwaka 2022 Mamlaka ya Kudhibiti Umeme iliweka bei nafuu kwa uniti za nyumbani zinazozidi 80 kwa mwezi mpaka 150, kusudi watu wapate kupikia umeme na kupunguza kuchoma makaa. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa yanayochomwa kaskazini mwa nchi. Basi si ajabu kwamba ukipita Owino au Kikuubo utaona koili za umeme zimepangwa kama vikombe, na mtu mwenye kipato kidogo aweza kubeba moja chini ya kwapa akaenda nayo nyumbani.

Mimi silaumu jambo hilo, nalifurahia. Wazee wengine husema, "Umeme huua, afadhali sigiri." Lakini sigiri nayo huua. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo mwalimu wa Kemia hutuambia ni kaboni monoksaidi, na watu wamelala nayo wasiamke. Kwa hiyo shauri langu si kuurudia moshi. Shauri langu ni kujua tofauti ya moto huu na ule.

Sigiri husema kila jambo lake waziwazi. Ikiwaka utaiona nyekundu, ikipoa utaona majivu, na ukiisahau makaa huisha yenyewe ikafa. Jiko la umeme halisemi. Halina moshi wala ndimi za moto. Sahani yake ya chuma iliyozimwa sasa hivi huonekana sawa na ile iliyozimwa jana, na mtoto akiigusa ngozi hubaki pale. Tena umeme ukikatika nalo limewashwa, halifi, bali hungoja. Hapa Kampala, ambapo umeme hukatika na kurudi bila ya kumwuliza mtu, kungoja huko ndiko kuliko na hatari kupita yote.

Likizo iliyopita nilikaa kwa shangazi yangu, ambaye sisi Waganda humwita Ssenga, katika nyumba za kupanga upande wa Kawempe, zile za chumba kimoja kimoja tuziitazo mizigo. Jirani yake, mama mmoja auzaye matunda, alikuwa akichemsha maharage juu ya koili. Yapata saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika. Akangoja, akachoka, akayapeleka maharage kwenye sigiri ya Ssenga. Hakuzima swichi, kwa maana hakuona moto wa kuzima. Chumba kilikuwa kidogo na kila mahali pana kazi yake, basi beseni la plastiki lenye nguo akaliweka juu ya koili. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amelala. Mama akafunga mlango kwa kufuli, akaenda barabarani kuuza matunda yake.

Saa tatu usiku taa zikawaka mtaa mzima, na watu wakashangilia kama ilivyo kawaida yetu. Haukupita muda mrefu tukasikia harufu ya plastiki, kisha moshi mweusi ukatoka chini ya mlango. Wanaume wakavunja kufuli kwa nyundo. Mimi nilikimbilia swichi kuu nikaizima, kwa kuwa mtu mmoja alikwisha inua ndoo ya maji. Mtoto alitolewa mzima, akikohoa. Lakini godoro, nguo na akiba yote ya mama yule iliyokuwa ndani ya mto viliungua. Majirani walimlaumu sana. Ssenga peke yake alisema, "Koili haina kosa. Ilitumwa kupika, ikapika." Nami nauliza: ni nani aliyempa mama yule habari za chombo kile? Muuzaji alimtajia bei, akamrudishia chenji, basi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya jiko la umeme ni hii: umeme ukikatika, zima swichi ukutani na uchomoe plagi kabla hujafanya jambo jingine. Fanya vivyo hivyo uniti za Yaka zikiisha, na atakayekwenda kuingiza namba mpya katika mita apite kwanza jikoni atazame. Tena juu ya jiko pasiwekwe kitu chochote, hata liwe baridi mwaka mzima. Jiko si meza.

Sheria ya pili ni ya hesabu, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kuifanya. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 240. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13; zidisha, utapata wati 3,120. Koili ya wati 2,000 peke yake huingia. Lakini ukiunganisha koili hiyo na birika la wati 2,000 katika ekstensheni moja, umefika wati 4,000, karibu ampea 17, na waya ule mwembamba uliojikunja chini ya kitanda utakuwa nao umegeuka jiko. Twajua ya kuwa mkondo ukizidi mara mbili, joto katika waya huzidi mara nne. Ukigusa plagi ukaiona ni moto, au ukiona soketi imebadilika rangi, hiyo ni barua uliyoandikiwa, isome mapema. Na fyuzi ikikatika, usitie msumari wala kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ni askari wa zamu. Anayemwondoa na kuweka sanamu asitegemee ulinzi.

Jiko kubwa la sahani nne pamoja na oveni, vyote vikiwashwa, huweza kupita wati 7,000, yaani ampea 29 na zaidi. Hilo halichomekwi katika soketi ya kawaida hata kidogo. Lataka waya wake wenyewe, mnene, utokao moja kwa moja kwenye sanduku la umeme la nyumba, pamoja na swichi yake ukutani. Swichi hiyo iwe kando ya jiko, isiwe juu yake, ili siku ya hatari mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya moto kwenda kuizima.

Sheria ya tatu ni ya waya wa ardhi. Mguu ule mrefu wa plagi haukuwekwa kwa urembo. Jiko likiharibika ndani na umeme ukagusa bati lake la nje, waya wa ardhi huuchukua, fyuzi hukatika, na mpishi husalimika. Lakini tumezoea kununua vyombo vyenye plagi ya miguu miwili, kisha tunaingiza kalamu au kijiti katika tundu la juu la soketi ili plagi iingie. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo mbele ya watoto. Jiko la namna hiyo, lenye bati tupu na lisilo na waya wa ardhi, likishikwa kwa mkono uliotoka kuosha matooke, laweza kuwa na msiba ndani yake. Chombo kisicho na waya huo na kisicho na alama ya Shirika la Viwango, afadhali kibaki dukani.

Sasa niseme juu ya kulitunza, kwa kuwa jiko lililotunzwa ndilo lililo salama. Sahani za chuma zikiwa mpya, ziwashe dakika chache bila sufuria, madirisha yakiwa wazi, mpaka moshi wa rangi yake uishe. Usizimwagie maji baridi zikiwa za moto, zisije zikapasuka. Sufuria iwe na kitako bapa kinachotosha sahani yake; sufuria iliyobonyea hukaa juu ya jiko kama mgeni, na joto hupotea pembeni pamoja na uniti zako. Sufuria kubwa ya matooke yaliyofungwa katika majani ya migomba ni nzito, nayo koili nyembamba hupinda chini yake. Itafutie jiko linaloweza kuibeba. Ikisha kuchemka, punguza moto. Na dakika chache kabla ya chakula kuiva waweza kuzima kabisa, kwa kuwa sahani ya chuma hushika joto. Maziwa au mchuzi ukimwagika, zima, chomoa, ngoja lipoe, ndipo upanguse kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe. Jiko la kioo usilisugue kwa steliwulu. Na kila mara tazama waya wa nyuma, kwa sababu panya huutafuna na mafuta ya kukaangia huulainisha.

Tena mafuta yakishika moto katika karai, usimwage maji, maana yatalipuka na kurusha moto usoni pako. Zima swichi, funika kwa mfuniko, na usifunue mpaka karai ipoe. Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka muda wa dakika 20, asipakwe samli wala dawa ya meno. Na moto ukikushinda, toka na watoto, kisha piga simu 999 au 112.

Sasa nawageukia ninyi ndugu zetu wakubwa, mliosoma hapa zamani. Wengi wenu sasa ni mainjinia, na wengi zaidi ni wenye nyumba za kupangisha. Mwajenga mizigo kumi katika kiwanja kimoja, kila chumba mkakipa taa moja na soketi moja, nanyi mwajua wazi ya kuwa mpangaji atapika, atapiga pasi na atachemsha maji katika soketi hiyo moja. Mwenye nyumba anayemwita fundi wa bei rahisi asiye na kibali cha Mamlaka, na asiyezika waya wa ardhi, amejiwekea akiba ya fedha kidogo juu ya kitanda cha mtoto wa mtu mwingine. Samahani kwa ukali wa neno hili, lakini sijapata neno laini linalosema kweli hiyo. Tieni kila chumba soketi mbili zenye ardhi, na kikata umeme kinachojifyatua penye hitilafu. Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga upya.

Nasi tulio bado darasani tusijidai kuwa jambo hili si letu. Twajua kanuni ya Ohm kwa moyo. Twaweza kuchora sakiti na kupata alama zote. Kisha twaenda likizo, twaketi mezani kungoja chakula, na nyuma ya ukuta mama anapika kwa soketi iliyokwisha kuwa nyeusi. Elimu hiyo inamfaa nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi likizo ijayo, siku ya kwanza, kila mmoja wetu aingie jikoni kwao kwa heshima, amwombe mama au shangazi ruhusa, aguse plagi kama ina joto, ahesabu wati zilizo katika ekstensheni, atazame mguu wa tatu wa plagi, na amfundishe kila mtoto wa nyumba mahali ilipo swichi kuu. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Atakayerudi muhula ujao na kusema ya kuwa hakupata nafasi, mimi nitamwuliza alipata nafasi ya kula mara ngapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita