MCHEZA KWAO NA ATUNZWE KWAO

Watu wengi siku hizi hulalamika kwamba dunia imekuwa ndogo mno, na kwamba utamaduni wa mataifa makubwa unazimeza mila zetu. Malalamiko hayo si ya bure. Lakini kabla ya kupiga mbiu ya mgambo, yatupasa tumjue adui ni nani na alipo. Twawaomba wasomaji wafuatane nasi hadi Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni, penye nyumba zilizobanana na soko mashuhuri la nafaka, maana mashindano haya ya tamaduni huonekana pale waziwazi.

Katika uchochoro mmoja wa Tandale kijana amevaa jezi ya timu ya Uingereza, mkononi ana simu iliyotengenezwa Uchina, na bandani watu wanatazama sinema ya Korea iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Juu ya hayo yote yavuma muziki wa singeli. Muziki huo ulizaliwa katika mitaa ya namna hii, Tandale, Manzese na jirani zao. Ni mtoto wa mchiriku, na mchiriku nao una mizizi katika ngoma za Wazaramo. Mapigo yake mara nyingi hupita 200 kwa dakika moja, na hupigwa kwa vinanda vya umeme na kompyuta, vyombo ambavyo hakuna hata kimoja kilichobuniwa hapa. Je, huo ni muziki wetu au wa wageni?

Anayejibu kwamba ni wa wageni, na azitazame kwanza zile ngoma anazoziita za asili. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakaziiga tarumbeta, sare na vyeo, wakapata ngoma ya beni. Taarab ilifika Unguja kutoka Misri zamani za Sultani Barghash. Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kuitia katika sahani za santuri. Leo nani athubutuye kusema kwamba Siti si wetu? Basi kitu cha kigeni huwa chetu pale tunapokishika wenyewe na kukisemesha lugha yetu.

Hatusemi kwamba kila kijacho kipokewe. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba, 1962, alisikitika kwamba waliosoma walifundishwa kucheza dansi za Kizungu, na ngoma za wazee wao wasizijue. Siku hiyo alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia dhidi ya taifa linalokataa kujifunza lolote kwa wengine. Maneno hayo mawili yalikwenda pamoja, nasi tumezoea kulikumbuka la kwanza tu.

Mwezi wa Oktoba, 1968, Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana pale Kariakoo yalikwisha kuanza kuwashambulia wanawake katika mabasi, hata polisi wakaingia kati. Mwezi wa Novemba, 1969, muziki wa soul nao ulikatazwa Dar es Salaam. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa, na nia hiyo hatuilaumu. Lakini heshima gani hulindwa kwa kumvunjia heshima dada yetu njiani? Wala sketi hazikwisha, wala soul haikusahauliwa. Marufuku iliondoa kitu na haikuweka kingine mahali pake.

Miaka hamsini baadaye, Desemba 2018 ilipofika, Baraza la Sanaa la Taifa liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuupiga jukwaani wimbo uliokuwa umekatazwa. Mwezi uliofuata adhabu iliondolewa. Twawaelewa wazazi wanaochukizwa na maneno machafu, na wale ambao watoto wao hukosa usingizi kwa ajili ya vigodoro hali kesho ni siku ya shule. Hilo ni shauri la adabu na ujirani mwema, na serikali ya mtaa inao wajibu wa kulisimamia. Lakini tusilichanganye na shauri kubwa zaidi.

Shauri kubwa ni hili: nani ana mali? Diamond alilelewa Tandale. Mwaka 2018 alitoa albamu iliyobeba jina la mtaa huo, nayo ikaitwa kwa Kiingereza, A Boy from Tandale. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilikusanya singeli ya studio ya Sisso ya Mburahati, ikaipeleka duniani, na wapigaji wakaalikwa Ulaya. Hatuwalaumu ndugu zetu wa Uganda. Waliona thamani katika kitu ambacho wengi wetu tulikiita kelele za wahuni. Wa kulaumiwa ni sisi tuliolala.

Basi nguvu tunazozitumia kukataza tuzitumie kutunza. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Na imfikie kijana wa uchochoroni, ajue namna ya kuandikisha kazi yake na kudai malipo yake. Wazee wanaojua mdundiko warekodiwe wangali hai, na watoto wafundishwe shuleni ngoma hizo, ili kesho kijana aketipo mbele ya kompyuta awe na kitu cha kwao cha kutia ndani yake.

Asiye na chake humezwa, hata akifunga milango yote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa Tandale wamecheza. Kutunza ni kazi yetu.