Kizuri Chajiuza: Nasaha kwa Atakaye Kujifunza Urubani

Huenda msomaji akastaajabu kuona jarida la wanafunzi wa Kiswahili likizungumzia urubani. Staajabu hiyo yenyewe yafaa kutiliwa shaka. Tumezoea kuitumia lugha yetu kusimulia ngano na kuchambua tungo, na mambo ya injini na mawingu tukayaachia lugha nyingine. Mwandishi wa makala haya anashikilia kuwa lugha ikishindwa kumshauri kijana mahali pa kuweka fedha zake na roho yake, basi bado haijapewa kazi yake yote. Ndiyo maana tunauliza: anayetaka kujifunza kurusha ndege kwa kujifurahisha tu, bila nia ya kuajiriwa, achague vipi shule humu nchini?

Kwanza tufahamu kinachotafutwa. Leseni ya rubani binafsi humruhusu mwenyewe kurusha ndege ndogo na kuwabeba jamaa na marafiki, ila haimruhusu kulipwa kwa kazi hiyo. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, mwombaji sharti awe ametimiza umri wa miaka 17, awe amepimwa afya, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 endapo amefuata kozi iliyoidhinishwa. Katika saa hizo, 10 ataruka peke yake, na safari mojawapo iwe ya kilomita 270 au zaidi, akitua kwenye viwanja viwili tofauti. Saa 40 ni kima cha chini. Wengi huhitaji zaidi, na shule inayomwahidi kila mtu kwamba atamaliza kwa saa hizo hizo ni ya kutiliwa shaka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Aghalabu mwanagenzi huanza kwa kulinganisha bei ya saa moja ya kuruka, kisha akakimbilia iliyo nafuu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, bei hiyo imejumuisha mafuta, malipo ya mwalimu, ada za kutua na mitihani? Saa huhesabiwa tangu injini iwashwe ama tangu ndege iache ardhi? Katika uwanja wenye msongamano kama Wilson, tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa ndege yaweza kungoja zamu yake huku injini ikinguruma na fedha zikiteketea. Isitoshe, shule yenye ndege moja tu humwacha mwanafunzi akikaa wiki nzima inapokwenda kwa fundi, naye hurejea akiwa amesahau aliyojifunza. Na si busara kulipa karo yote kwa mkupuo mmoja. Lipa kadiri unavyoruka.

Suala la mahali nalo lina uzito wake. Uwanja wa Wilson, ulioanza mwaka 1929 kwa juhudi za Florence Kerr Wilson, ndio kitovu cha urubani mdogo nchini. Anayejifunzia pale huzoea mapema nidhamu ya redio, maana kutwa hupishana na ndege za abiria ziendazo Maasai Mara, Lamu na Diani. Lakini wingi huo una hatari zake. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na wawili waliokuwa katika ndege ya mafunzo, mwalimu na mwanafunzi, wakafariki. Kwa hivyo atakaye kujifunzia Wilson ana haki ya kuuliza: mazoezi hufanyiwa wapi, kwa kimo gani, na mwalimu humfunza vipi mwanafunzi kuangaza macho na kusikiliza mawasiliano ya wengine?

Wilson, tena, iko kiasi cha mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyembamba, na jua la mchana huizidisha wembamba. Injini hupungukiwa na nguvu, mabawa hupungukiwa na mwinuko, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Anayejifunzia pwani, palipo na hewa nzito na pepo za kusi na kaskazi, atasoma mengine yenye manufaa. Ila akija bara na mazoea ya pwani bila kufundishwa upya, anajitakia makuu. Hii ni sababu mojawapo ya kupendelea shule ya nyumbani badala ya kukimbilia ng'ambo: utafunzwa katika anga ile ile utakayoirukia, na hutahangaika baadaye kuomba leseni ya kigeni itambuliwe.

Hata hivyo, kigezo ninachokiweka mbele ya vyote ni mwalimu, na hasa namna anavyotumia lugha. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa za KLM na Pan Am ziligongana uwanjani Tenerife, na watu 583 wakaangamia. Miongoni mwa sababu zilizobainishwa ni maneno machache ya redio: marubani wa KLM walitamka kauli iliyomaanisha kwamba wanaondoka, naye mwongozaji akaielewa kuwa wangali wanangoja. Tangu Machi 2008, ICAO inawataka marubani wa safari za kimataifa wathibitishe umilisi wa lugha ya mawasiliano, angalau kiwango cha 4 kati ya 6. Hapana shaka Kiingereza cha redio hakina mbadala katika anga zetu, na mwanagenzi sharti akimudu barabara.

Wapo watakaosema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakina nafasi katika shule ya urubani, kwamba kitawachanganya wanafunzi. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Redio ni ya kutamka yaliyokubaliwa, darasa ni la kuelewa. Mwanafunzi anayeitikia "ndiyo" kwa haya ya kuuliza, hali hajaelewa kwa nini bawa hupoteza mwinuko pua ya ndege inapoinuliwa kupita kiasi, amebeba ujinga wake hadi angani. Mwalimu bora ni yule anayemtaka mwanafunzi aeleze somo kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha anayoiwazia, kabla ya kuwasha injini.

Basi, ewe unayetamani anga, zuru shule mbili au tatu. Omba kuonyeshwa kumbukumbu za matengenezo ya ndege, zungumza na wanafunzi waliokutangulia, na lipia safari moja ya majaribio pamoja na yule yule atakayekufunza. Mkishatua, muulize swali gumu. Akikasirika, shika njia uende zako. Nasi wanaisimu tuna deni letu: kuketi na marubani na kuyasanifu maneno ya kazi yao, ili swali hilo liulizike kwa Kiswahili na lijibike kwa Kiswahili.