Tusiwapime waendesha baiskeli kwa umri pekee

Mwalimu aliyebakisha miaka miwili kustaafu akionekana asubuhi akienda shuleni kwa baiskeli, majirani humwuliza gari lake limeharibika lini. Siku ya pili humwuliza kama mkewe ana habari. Siku ya tatu wanawe humsihi aiache, wakidai kwamba moyo wa mzee hauhimili vilima. Katika shule hiyo hiyo, mvulana wa miaka 13 aliyeshika mkia katika mashindano ya baiskeli huambiwa kuwa hana kipaji, akatafute jambo jingine la kufanya. Mzee amehukumiwa kwa wingi wa miaka yake na mtoto kwa uchache wa miaka yake, na hakuna hata mmoja wao aliyepimwa.

Yafaa walimu na wanafunzi walitafakari jambo hili. Shule ndiyo mahali ambapo wengi wetu tulipimwa nguvu kwa mara ya kwanza, na wengi tuliondoka pale na hukumu tuliyoibeba maisha yetu yote. Ikiwa kipimo kilikuwa kibovu, basi hukumu nayo ilikuwa batili.

Hatusemi kwamba umri hauna nguvu. Apandaye ngazi hushuka, na mwili wa binadamu nao una ngazi yake. Kipimo ambacho wataalamu wa mazoezi hukitegemea sana ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja, mtu anapojitahidi hadi ukomo wa uwezo wake. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, kiasi hicho hupungua kwa takriban asilimia 10 katika kila mwongo wa maisha, baada ya kupita miaka 30 hivi. Sababu zake zajulikana. Moyo wa mzee hauwezi kupiga kwa kasi ya moyo wa kijana, mishipa ya damu hukakamaa, na misuli hupungua, hasa ile ya kasi ambayo mwendesha baiskeli huitumia kuchomoka ghafla mwishoni mwa mashindano.

Hata hivyo, anayeendelea na mazoezi makali hupoteza polepole zaidi, pengine nusu ya kiasi hicho. Aidha, misuli ya mwendo wa taratibu, ambayo ndiyo mhimili wa safari ndefu, hudumu kuliko ile ya kasi. Ndiyo maana mzee aliyezoea baiskeli huachwa nyuma katika mbio za mita 200, lakini katika safari ya kilomita 60 vijana wengi humkuta amekwisha kufika, anafuta jasho. Mwaka 2016, jijini Rio de Janeiro, Mmarekani Kristin Armstrong alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za baiskeli za kushindana na saa, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43. Hiyo ilikuwa dhahabu yake ya tatu mfululizo.

Tatizo basi liko wapi? Liko katika vipimo tunavyovitumia, na katika imani yetu kwamba tarakimu haiwezi kusema uongo.

Chukua mfano wa kanuni inayojulikana kuliko zote: toa umri wako katika 220, nawe utapata kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo wako kwa dakika. Kanuni hii ilienea baada ya mwaka 1971, ilipotajwa na madaktari wa Marekani, Samuel Fox na wenzake. Ilitokana na mstari uliopitishwa kwa kukadiria tu juu ya takwimu za watafiti mbalimbali, lakini imekaririwa vitabuni na katika kumbi za mazoezi kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 2001, Hirofumi Tanaka na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 351 zilizohusu watu 18,712, wakapata kanuni nyingine: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu katika 208.

Mwanafunzi na afanye hesabu mwenyewe. Kwa mtu wa miaka 40, kanuni zote mbili hutoa mapigo 180. Kwa mtu wa miaka 60, ile ya kale hutoa 160 na hii mpya 166. Kwa mtu wa miaka 80, ya kale hutoa 140 na mpya 152. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo kanuni ya kale inavyozidi kumpunja. Na hata hiyo mpya ni wastani tu, kwani watu wawili wa umri mmoja waweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi, na wote wawili wakawa wazima wa afya.

Huenda mtu akauliza, mapigo machache yana madhara gani? Madhara yapo. Vipimo vingi vya siha havimsukumi mtu hadi ukomo wake. Mpimwaji huwekwa juu ya baiskeli iliyosimama, hupewa mzigo wa kiasi kwa dakika kadhaa, mapigo yake huhesabiwa, kisha uwezo wake wote hukadiriwa kwa kuurefusha mstari hadi kwenye mapigo ya juu yanayodhaniwa kuwa yake. Ukomo huo ukiwekwa chini kuliko ulivyo, mstari hukatwa mapema, na mtu huandikiwa udhaifu asiokuwa nao. Mzee anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu huwa katika hali ya kutatanisha zaidi, kwa kuwa dawa hizo huzuia moyo usiende mbio. Kumpima kwa mapigo peke yake ni kuipima dawa.

Watoto nao hawakusalimika. Tangu utotoni hadi mwisho wa ujana, mapigo ya juu ya mtoto hukaribia 200 na hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, wala hayafuati kanuni ya kutoa umri. Kubwa zaidi ni suala la kubaleghe. Wavulana wawili wa miaka 13, mmoja amekwisha kuota ndevu na mwingine bado ana sauti ya kitoto, hawana misuli wala mapafu ya aina moja. Tukiwapanga mstari mmoja na kumtangaza mshindi, tumepima nani aliyetangulia kukua. Yule wa nyuma huambiwa hana kipaji miaka miwili tu kabla ya mwili wake kuamka.

Hapa ndipo habari za Mfaransa Robert Marchand zinapotufaa. Alizaliwa mwaka 1911. Alipokuwa kijana, mwalimu wa mchezo alimwambia aachane na baiskeli kwa kuwa hangefika popote. Alikuwa mfupi, wa mita 1.52 tu. Aliiacha kwa miaka mingi, akafanya kazi nyingi katika nchi mbalimbali, ikiwemo kukata miti nchini Kanada, kisha akairudia baiskeli akiwa amepita miaka 65. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alifikisha kilomita 26.927.

Kati ya majaribio hayo mawili, mtaalamu Véronique Billat na wenzake walimpima kwa makini. Mazoezi yake yalikuwa kilomita 5,000 kwa mwaka, sehemu nne kati ya tano zikiwa za mwendo mwepesi na sehemu moja ya mwendo mgumu. Alipokuwa na miaka 101, mwili wake ulitumia mililita 31 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Alipofika 103, zilikuwa 35. Nguvu yake ya juu kwenye pedali ilipanda kutoka wati 90 hadi 125, na uzito wake ukabaki kilo 50 vile vile. Mapigo yake ya juu yalikuwa 137. Kanuni ya kale ingemruhusu 117 tu. Kanuni mpya ingempa 136.

Kuna watakaosema kwamba Marchand alikuwa mmoja katika mamilioni. Ni kweli, na mtu mmoja hafanyi kanuni. Tena, umri haukumsahau: Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22.547, pungufu ya kilomita nne na zaidi kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Lakini hata tukimweka kando, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa Chuo cha King's, London. Waliwapima waendesha baiskeli wa ridhaa 125, wanaume na wanawake, wa umri wa miaka 55 hadi 79. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipungua pamoja na umri, lakini tofauti baina ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno hata ikawa vigumu kukisia umri wa mtu kwa kuvitazama vipimo vyake. Ni haki kukumbusha kwamba hao walikuwa watu teule, waliokwisha kuthibitisha kuwa wanaweza safari ndefu. Utafiti huo hauahidi kwamba kila mzee atakuwa kama wao. Unachotufunza ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita uzee ni matokeo ya kukaa kitako.

Tufanyeje, basi? Kwanza, kila mtu apimwe dhidi ya nafsi yake. Shule haihitaji maabara kwa kazi hii. Inahitaji barabara tambarare iliyopimwa na isiyo na magari, baiskeli ile ile, saa ile ile ya siku, na daftari. Mwanafunzi aendeshe kwa dakika 12, umbali wake uandikwe, mapigo yake yahesabiwe kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa nne. Arudie mwishoni mwa muhula. Hesabu, sayansi na mazoezi ya viungo vitakuwa vimefundishwa katika somo moja.

Pili, mtoto asitupwe nje ya timu kwa matokeo ya siku moja. Mwalimu aandike tarehe ya kuzaliwa na kimo kando ya kila matokeo, aone ni nani anayekua na ni nani ambaye bado.

Tatu, wazee nao wapimwe kwa namna inayowafaa. Aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, au mwenye maumivu ya kifua, na amwone daktari kwanza. Mzigo uongezwe kidogo kidogo, kwa kuwa mwili wa mzee huchukua muda mrefu zaidi kuzoea kila hatua. Na pamoja na mapigo, aulizwe anavyojisikia. Msweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha namba 6 hadi 20, ambapo mpimwaji mwenyewe hutaja uzito wa kazi anayoifanya. Marchand alipangiwa mazoezi yake kwa kipimo hicho. Mtu mzima anayeweza kusema hali yake hana sababu ya kusemewa na kanuni.

Mwisho, tuwaombe walimu wetu wasiziache baiskeli zao kwa sababu ya maneno ya majirani. Mwanafunzi anayemwona mwalimu wake wa miaka 58 akipanda kilima bila kushuka atajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfunza vizuri zaidi. Serikali imeweka miaka 60 kuwa umri wa kustaafu kazi ya umma. Haikusema popote kwamba miguu nayo istaafu siku hiyo.