Kabla ya kununua benchi, inama utazame chini yake

Niliporejea Mbale baada ya miaka mingi Uingereza, kitu cha kwanza nilichotaka ni benchi la barazani, nikae jioni nikitazama vilima vya Wanale. Fundi mmoja wa Jinja aliniuzia benchi na viti vinne, akaapa kwamba ni mvule mtupu. Rangi ya kahawia iling'aa, nami nikalipa bila kubishana.

Msimu wa pili wa mvua haukuisha kabla viungo havijaachana na mchwa kuingia miguuni. Nilipokwangua vanishi chini ya kiti nilikuta mbao ya waridi iliyopauka. Ulikuwa mkaratusi mbichi uliopakwa rangi.

Simlaumu fundi peke yake. Mimi niliuliza bei kabla ya kuuliza mti. Ndugu zangu mnaorejea nyumbani, nanyi mnaovusha samani Busia, Malaba na Lwakhakha, naomba kosa langu liwe funzo kwenu.

Kwanza, tujue tunachonunua. Kiti cha nje hupigwa na jua na mvua, na miguu yake hukaa ardhini kwa mchwa. Kinachohimili hayo ni kiini cha mti, yaani sehemu ya ndani iliyokolea rangi. Mbao nyeupe iliyo karibu na gome huoza hata kama ni ya mvule. Kwa hiyo jina la mti peke yake halitoshi. Omba uone ncha ya mbao kabla haijapakwa kitu.

Musizi ni mti wetu mzuri kwa kazi za ndani, lakini ukiuweka nje bila dawa haudumu. Mkaratusi mchanga hupasuka na kupinda ukikauka. Yote miwili ikipakwa rangi huitwa mvule au mahogani, na mgeni hawezi kutofautisha kwa macho.

Pili, ukavu. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Sasa mteja anayetaka viti Jumamosi kwa sababu ana wageni Jumapili anatarajia nini? Fundi atachukua mbao iliyopasuliwa juzi. Kuna kipimo rahisi: pima kipande kwenye mizani, kiache ndani ya nyumba wiki moja, kisha ukipime tena. Kikipungua sana, mbao hiyo bado ni mbichi.

Tatu, na hapa ndipo wengi watanipinga, si lazima iwe mvule. Zamani mashamba ya Busoga yalijaa mivule mikubwa. Leo umebaki mmoja hapa na mwingine kule, kwa sababu tumekata bila kupanda. Mvule huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na mche wake hushambuliwa na mdudu mdogo anayevimbisha machipukizi hadi yafe. Uingereza niliukuta ukiuzwa kwa jina la iroko, kwa bei ya kuheshimika, kwa ajili ya viti vya bustani. Wenzetu wanaujua thamani yake. Sisi tumeufanya mlango wa choo.

Wapo watakaosema hakuna mbadala. Si kweli. Kiini cha mfenesi mzee, ule uliokwisha kuacha kuzaa nyuma ya nyumba, ni cha manjano, kigumu, na mchwa hawakipendi. Mugavu nao hustahimili mvua na mchwa. Miti hii imo mashambani mwetu, na mwenye shamba akilipwa vizuri atakuwa na sababu ya kupanda mingine.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani nina neno zaidi. Novemba 2022, huko Panama, nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliweka mahogani ya Afrika, mininga ya Afrika na jamii ya mti wa beyo wa kaskazini katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi inahitaji kibali. Mzigo wa mbao hizo usio na karatasi ni mtaji uliowekwa rehani kwa bahati. Muuzaji akikuambia karatasi zitapatikana mbele ya safari, mwachie mbao zake.

Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kutetea msitu wa Mabira, ulio kando ya barabara ya kwenda Jinja, usigeuzwe shamba la miwa. Walifanya vyema. Lakini msitu haumalizwi na miwa pekee. Humalizwa pia na mteja asiyeuliza gogo limetoka wapi.

Nimekwisha kutengenezewa benchi jingine, hapa hapa Mbale. Ni la mfenesi, mbao zimeachiwa nafasi ili maji yapite, skrubu ni za shaba, na miguu imekaa juu ya mawe. Fundi aliniweka miezi saba nikisubiri mbao zikauke. Majirani walinicheka kwamba nimetapeliwa tena. Sasa wanakuja kulikalia.

Kuuliza si ujinga. Muulize fundi ni mti gani, ulikatwa lini, na kibali kiko wapi. Akikasirika, umepata jibu. Asipokasirika, bado usifungue pochi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: piga goti, tazama chini ya kiti, kule ambako vanishi haikufika.