Siri ya Nyumba Uwanjani
Wako wasemao ya kuwa siri ya nyumba haifai kuchezwa uwanjani. Sisi twakataa. Katika vyumba vya kupanga vya Chang'ombe, vilivyotengwa kwa ukuta mmoja, kilio cha mke apigwaye ni siri ya nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema hapana aliye na haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kwa mila; lakini waisomao ni wachache. Mchezo huonwa na wote. Huko Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walicheza pamoja na wanakijiji taabu zao wenyewe, kisha wakashauriana. Wala hatutaki vile vichekesho ambavyo mke akipigwa kofi watu huangua kicheko. Ni vibaya kuliko kunyamaza. Penye kofi mchezo na usimame, watazamaji waulizwe: ninyi mliosikia, mbona hamkubisha hodi?