Dumu hili limetoka wapi?

Ukimaliza kushuka mlima Sekenke kuingia Shelui, unakutana na mafuta ya alizeti kando ya barabara, yamejazwa kwenye madumu na chupa. Alizeti ni yetu, imelimwa Singida. Plastiki ya dumu si yetu. Lakini ukisema viwanda vya petrokemikali duniani vifuatiliwe kimoja kimoja, utajibiwa kwa hoja nne. Nazijibu kwa zamu.

“Viwanda hivyo viko mbali.” Dumu lilianza likiwa mafuta au gesi ya ardhini. Joto kali likayavunja kuwa ethilini, ethilini ikawa chembechembe za plastiki, zikayeyushwa, dumu likapatikana. Kazi ya namna hiyo hufanyika Jubail, Saudi Arabia, na Texas, Marekani. Anayeishi jirani na viwanda vya aina hii huweza kuvuta benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Umbali unatukinga sisi tu.

“Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga linapita tu.” Linapita, kilomita 1,443, na mkoa wetu umo njiani. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, kwa hiyo lazima bomba lipashwe joto la nyuzi 50 hivi yasigande. Kule Chongoleani, Tanga, yatapakiwa melini kwenda kusafishwa ng'ambo. Asiyejua yanakoishia atapimaje madhara yake? Na hapa kwetu maji ya mto Wembere humiminikia Ziwa Kitangiri, kwa wavuvi. Anayeishi bondeni ana haki ya kuuliza bomba likivuja itakuwaje.

“Hizo ni siri za wenye mali.” Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja usiku kutoka kiwanda cha viuatilifu Bhopal, India. Maelfu walikufa. Mwaka 1986 Marekani ikatunga sheria ya kuvilazimisha viwanda kutangaza kemikali za sumu vinazozimwaga. Siku hizi setilaiti huona hata miali ya gesi inayochomwa viwandani usiku. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Siri ikiua, haiwezi kuwa mali ya mtu.

“Mifuko ya plastiki tulishaipiga marufuku.” Kweli, tangu Juni 1, 2019, na tulifanya vyema. Lakini chupa na viroba vimebaki, na plastiki mpya inazidi kutengenezwa. Nairobi, Machi 2022, mataifa yalikubaliana kuandaa mkataba wa plastiki. Geneva, Agosti 2025, yaliachana bila makubaliano, na moja ya mambo yaliyoyagawa ni kuweka ukomo wa uzalishaji. Hatuwezi kudai ukomo kwa viwanda tusivyovijua.

Mnadani, ng'ombe hauzwi mpaka ijulikane ametoka kijiji gani. Utaratibu huo tunauheshimu kwa sababu unazuia wizi na magonjwa. Dumu nalo liulizwe kwao ni wapi, na waliobaki huko wanavuta hewa gani.