Senema Mbili Tulizoziona



Majuzi tulitazama senema mbili za zamani za Marekani, zote za mwaka 1954, na zote zahusu vyama vya wafanya kazi.

Ya kwanza ni On the Waterfront, ya makuli wa bandarini, ambayo Marlon Brando ndiye mchezaji mkuu. Ilipata zawadi 8 za Oscar. Twakiri imechezwa vizuri sana. Lakini wakubwa wa chama humo ni wezi na wauaji. Hatukatai, wezi wapo. Ndiyo maana twadai hesabu zisomwe mkutanoni. Ila asiyejua chama atatoka akidhani kila chama ni pango la wezi.

Ya pili ni Salt of the Earth, kisa cha wachimba madini wa New Mexico waliogoma kweli toka 1950 hadi 1952. Hii ilipigwa vita, ikaonyeshwa katika nyumba chache tu. Korti yawakataza wanaume kulinda njia ya mgodini; wake zao washika zamu. Watiwa jela, hawarudi nyuma. Waume wabaki nyumbani kufua na kupasua kuni, ndipo wafahamu kwa nini wanawake walidai maji ya moto, dai ambalo wao walilipuuza.

Sisi twaipenda hii ya pili. Na kwetu je? Mama akisimama kusema mkutanoni, wengine huguna. Ndugu, tuwasikilize leo, tusingoje siku ya mgomo.